Kutoka chenji ya rada hadi asilimia moja ya EGMA: nani anauliza "huyu analipwa kwa kazi gani?"

Karani_wa_Posta (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye uzi mmoja wa jukwaa hili la biashara watu walikuwa wanailalamikia BRELA, msajili wa makampuni, kudai taarifa za wamiliki manufaa (watu halisi wanaofaidi na kuamua nyuma ya kampuni), kwamba ni njia nyingine ya kututafutia faini. Nilitaka kujibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, basi nimefungua wangu. Wenye haraka wapitie juu juu, sitawalaumu.

Nimekaa vitengo vya uzingatiaji wa sheria muda wa kutosha (sisi ndio mnaotuita watu wa komplayansi, wachelewesha malipo) kujua kwa nini tunachukiwa. Leo sitetei kitengo. Ninachosema ni kwamba sheria hizi zinazobadilika kila mwaka, za hapa na za nje, zinauliza swali moja: huyu ni nani, na analipwa kwa kazi gani? Na swali hilo, kwa sehemu si ndogo, limenolewa kwa fedha zetu sisi Watanzania.

Tuanze na rada. Vijana mtakuwa mmeisikia kwa wakubwa zenu. Serikali ilinunua kutoka BAE Systems ya Uingereza rada ya kuongozea ndege kwa karibu dola milioni 40. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Ikanunuliwa. Baadaye ikabainika kuwa dola milioni 12.4 zilienda kwa kampuni za wakala mmoja wa hapa Dar. Hiyo ni karibu theluthi ya bei ya rada yenyewe! Vitabuni ziliandikwa "huduma za kiufundi".

Kesi ilifika Southwark Crown Court, London, Desemba 2010. Kosa ambalo BAE ilikiri lilikuwa nini? Si rushwa. Ni kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo. Jaji Bean alisema wazi kwamba ungekuwa mjinga kupindukia kuamini yule wakala alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri, lakini mikono yake ilifungwa na kosa lililokuwa mbele yake. Faini: pauni 500,000. Pembeni ya faini, BAE ilikuwa imekubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5, ambazo ziliishia kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ndiyo ile tuliyoibatiza chenji ya rada.

Sheria ya wakati ule iliuliza: "Hizi hela mliziandikaje?" Ukiziandika vibaya, faini. Ukiziandika vizuri, sijui nani angekuuliza.

Sasa sogeeni mbele. Uingereza ikatunga sheria mpya ya rushwa mwaka 2010, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2011. Kifungu cha 7 kilikuja na kosa jipya kabisa: kampuni kushindwa kuzuia rushwa. Mwendesha mashtaka hana haja ya kuonesha kwamba bosi wa London alijua. Mtu anayefanya kazi kwa niaba yako akitoa rushwa ili wewe upate biashara, una hatia, isipokuwa uthibitishe kuwa ulikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Mzigo umehamia kwako.

Na nani alikuwa wa kwanza kubanwa na kifungu hicho? Benki, kwa dili la Tanzania.

Mwaka 2012 hadi mapema 2013 serikali yetu ilitaka kukopa dola milioni 600 kwa wawekezaji wa nje. Kazi ikaenda kwa Standard Bank ya London pamoja na benki dada ya hapa, Stanbic Bank Tanzania. Ada iliyokuwa mezani ni asilimia 1.4. Ikapanda hadi 2.4. Asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilikuwa ya kampuni ya hapa Dar iitwayo EGMA, iliyoingizwa kama mshirika wa ndani. Mwenyekiti wa EGMA alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA, mamlaka yetu ya mapato, wa wakati huo. Mkurugenzi mwenzake aliwahi kuongoza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

London walijua kuna mshirika wa ndani. Hawakuuliza ni nani, wala anafanya nini kwa dola milioni 6. Waliona hiyo ni kazi ya wenzao wa Dar. SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa, ilipochunguza haikupata ushahidi kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote ya maana. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya EGMA hapo hapo Stanbic, na Machi 2013 sehemu kubwa sana ikatolewa taslimu ndani ya siku chache.

Sasa hapa ndipo nataka msome polepole. Aliyeshtuka hakuwa mkaguzi wa nje wala mwanasheria wa London. Ni wafanyakazi wa Stanbic Tanzania walioona taslimu nyingi kiasi kile inatoka, wakasema hili si la kawaida. Taarifa ikapanda hadi makao makuu ya kundi la benki, Johannesburg, na Aprili 2013 benki ikajipeleka yenyewe SFO kupitia mawakili wake. Sera zote zilikuwepo makabatini. Kilichofanya kazi ni watu waliofungua mdomo.

Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson akaidhinisha makubaliano: mashtaka yanafunguliwa, kisha yanasimamishwa kwa miaka mitatu benki ikitimiza masharti. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza. Benki ilirudisha ada yake ya dola milioni 8.4, ikapigwa faini ya dola milioni 16.8, na ikailipa serikali ya Tanzania zile milioni 6 pamoja na riba, jumla kama dola milioni 7. Marekani nayo, kupitia SEC, msimamizi wake wa masoko ya mitaji, ikachukua milioni 4.2 kwa sababu wawekezaji hawakuambiwa kuhusu EGMA.

Kati ya rada na EGMA, swali la sheria limetoka kwenye "mliandikaje?" likafika kwenye "mlifanya nini kuzuia?" Na halijasimama hapo. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 Uingereza ina kosa jingine, kushindwa kuzuia ulaghai, linalozibana kampuni kubwa na kuhesabu mawakala na kampuni tanzu zao humo humo. Hapa kwetu, Sheria ya Fedha ya 2020 ndiyo iliyoleta wamiliki manufaa kwenye Sheria ya Makampuni. Oktoba 2022 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, ikatuweka kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye mapungufu ya kuzuia utakatishaji fedha, na tukatoka Juni 2025 baada ya kazi kubwa, sehemu yake ikiwa hiyo hiyo ya kujua nani hasa anamiliki nini. Mnaposema BRELA inawasumbua, kumbukeni EGMA nayo ilikuwa na cheti cha usajili.

Ninachokiona maofisini sasa: sheria imefika swali la tatu, "huyu ni nani, na analipwa kwa kazi gani?", sisi bado tunajibu la kwanza, "mliandikaje?" Tunapanga karatasi. Kuna kampuni niliwahi kufanya nayo kazi, siitaji, jalada la mzabuni lilikuwa limetimia kila kitu: TIN, leseni, cheti, na sera ya kupinga rushwa yenye saini na muhuri. Ukurasa wa tatu wa sera hiyo ulikuwa na jina la kampuni nyingine. Walinakili wakasahau kubadilisha. Jalada lilipita mikono mingi na kila mkono uliweka tiki. Hakuna aliyesoma, na hakuna aliyeuliza mzabuni huyo anauza nini hasa.

Nawasilisha. Hoja karibuni, za siasa zina jukwaa lake.

---

Mzee_wa_Kambi

Naweka kambi. Wajuvi mje.

---

Bandarini_Kwetu

Mleta mada, kongole kwa historia. Lakini umeandika kama mtu ambaye mshahara unaingia tarehe 25 kontena litoke lisitoke.

Mimi ni wakala wa forodha. Mteja wangu ni kampuni ya nje. Kila Januari ananitumia tamko la kupinga rushwa nisaini, nasaini. Kila mwezi ananipigia simu: "Mbona mzigo haujatoka? Storeji inakimbia, demareji ya meli inakimbia, wenzako wametoa wa kwao jana." Sasa niambie, anataka nifanye nini? Hawezi kusema na mimi siwezi kuuliza. Natoa hela ya maji hapa, hela ya vocha pale, mzigo unatoka. Kwenye ankara naandika "gharama nyinginezo". Analipa bila kuuliza. Mwaka wa ngapi huu!

Siku nikiacha kuandika "gharama nyinginezo" nikaandika ukweli, ndiyo siku atatafuta wakala mwingine. Wanajua. Ila wamepanga ijulikane kwamba hawajui.

---

Karani_wa_Posta

Bandarini_Kwetu, umesema kweli, na hiyo "gharama nyinginezo" yako ndiyo "huduma za kiufundi" ya rada, tofauti ni sifuri tu za nyuma.

Jambo moja watu wengi hawalijui: sheria ya Marekani ya rushwa ya nje ina mlango mdogo kwa malipo ya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisa. Ya Uingereza haina. Hela ya vocha ni rushwa kwa sheria yao, hata iwe ndogo namna gani, na kwa sheria yetu ya 2007 ya TAKUKURU usitegemee kuponea kwenye udogo wake. Kwa hiyo mteja wako akiwa na mguu London, kila "gharama nyinginezo" unayomwandikia ni kielelezo anachojitunzia mwenyewe.

Nilichoona kikifanya kazi ni kimoja: mwandikie kabla mzigo haujafika. "Nyaraka hizi zikichelewa, storeji ya siku hizi itakuwa kiasi hiki. Mtalipa, au mnatuma nyaraka mapema?" Sehemu kubwa ya hizo hela za maji inalipia uchelewaji uliotengenezwa na mteja mwenyewe kwa kutuma nyaraka meli ikiwa tayari imetia nanga. Akiona gharama ya uzembe wake kwa maandishi, anabadilika. Si wote.

---

Bandarini_Kwetu

Hapo kwenye nyaraka nakubali. Kwenye "si wote" nakubali zaidi.

---

Wakili_Mpole

Niongezee kwa sababu uzi huu utasomwa na wanafunzi.

Makubaliano yale ya 2015 ni kati ya SFO na benki ya London. Hayakuwa hukumu dhidi ya Mtanzania yeyote, na kwenye maelezo ya pande mbili haikudaiwa kwamba wafanyakazi wa London walijua kuna rushwa. Ndiyo maana kosa ni "kushindwa kuzuia". Hapa kwetu watu waliohusishwa na dili hilo walifikishwa Mahakama ya Kisutu Aprili 2016, yakiwemo mashtaka ya utakatishaji fedha ambayo hayana dhamana. Wakakaa rumande miaka. Kesi ikaja kuisha Agosti 2020 kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), utaratibu ulioingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2019: walikiri kuisababishia serikali hasara na wakaamriwa kulipa fidia ya shilingi bilioni 1.5.

Linganisheni wenyewe njia hizo mbili. Kule kampuni ililipa na kuwekewa mkaguzi wa taratibu zake. Hapa watu binafsi walisota. Mimi naona mfumo wetu bado unatafuta mtu wa kumfunga kuliko kampuni ya kuirekebisha, na wakurugenzi wanalijua hilo. Kitengo cha uzingatiaji hakipewi bajeti kwa sababu likitokea la kutokea ataenda ndani ofisa fulani, nembo ya kampuni itabaki ukutani.

Na kuhusu wale wafanyakazi waliosema: tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ni watu wangapi maofisini kwenu wanaijua?

---

Chura_wa_Jangwani

Sisi kwetu aliyetoa taarifa alihamishiwa kituo cha mbali "kwa mahitaji ya kiutendaji". Sheria haikuletwa kwenye barua ya uhamisho.

---

Kijiwe_cha_Kahawa

Mnahangaika bure. Marekani mwenye sheria yake kaiweka pembeni. Trump Februari 2025 kasaini amri ya kusimamisha utekelezaji wa FCPA, hiyo sheria yao ya rushwa ya nje, kwa sababu inawafunga mikono Wamarekani kwenye ushindani. Ulaya nao wamesogeza mbele sheria yao ya kampuni kuwajibika kwa matendo ya wazabuni wao. Wakubwa wanalegeza, nyie huku mnakaza mpaka mama ntilie ajaze fomu. Miaka mitano ijayo hivi vitengo vyote vitafungwa.

---

Wakili_Mpole

Mkuu wa Kijiwe, umeishia katikati ya habari.

Amri ya tarehe 10 Februari 2025 ilisimamisha kesi mpya kwa siku 180 ili miongozo ipitiwe. Miongozo mipya ilitoka Juni mwaka huo huo. Imebadilisha vipaumbele, inatazama zaidi magenge ya kihalifu, kampuni za Kimarekani zilizonyang'anywa biashara kwa rushwa, na rushwa nzito kuliko zile za vocha. Sheria yenyewe haijafutwa. Na muda wa kushtaki kosa la rushwa kule ni miaka mitano, yaani rais mwingine anaweza kuamka na kesi ya dili lako la leo.

Halafu Machi 2025, mwezi mmoja tu baada ya amri ile, Uingereza, Ufaransa na Uswisi zilitangaza kikosi cha pamoja cha waendesha mashtaka wa rushwa ya kimataifa. Benki unayopitishia fedha haiangalii pasipoti ya mkurugenzi wako, inaangalia nani anaweza kuipiga faini.

Kwa Ulaya kusogeza tarehe, hapo nakuunga mkono nusu. Wamesogeza na wamepunguza. Lakini tarehe ikisogea, mzabuni wa Tanzania ndiye anakuwa wa mwisho kuambiwa. Fomu zinabaki zile zile.

---

Kijiwe_cha_Kahawa

Sawa wakili, ila "anaweza kuamka" si "ameamka". Tutaonana.

---

Mama_wa_Igoma

Naomba nami niseme, maana mmezungumza benki na meli, sisi wasambazaji wadogo hamjatugusa.

Nauza vyakula kwa kampuni inayolisha mgodi mmoja Kanda ya Ziwa. Mwaka jana ikaja fomu ya "kumjua mzabuni", Kiingereza chote, kurasa hazihesabiki. Nikamwomba kijana wangu wa chuo anisaidie. Kuna swali linauliza kama nina undugu na kiongozi wa umma. Baba yangu mdogo ni diwani. Jamani, Usukumani nani hana diwani kwenye ukoo? Nikaandika ndiyo, na jina lake, na kata yake, na kwamba hana hisa wala hajui hata ninauza nini.

Usajili wangu ukasimama. Barua pepe zikaanza: leta hiki, leta kile, eleza uhusiano, leta tamko la wakili. Wiki zinakwenda, maharage yako stoo. Mwenzangu mmoja, ambaye mumewe ana cheo halmashauri, yeye aliandika hapana. Akapitishwa hapo hapo.

Sasa wewe Karani utaniambia nimejifunza nini? Watoto wangu wananiuliza kwa nini niliandika ndiyo.

---

Karani_wa_Posta

Mama yangu, shikamoo. Hili lako ni zito kuliko yote niliyoandika juu, na sina jibu la kukufuta machozi.

Ninayoyajua ni haya. Swali la undugu na kiongozi halikuwekwa ili anayejibu ndiyo afukuzwe. Limewekwa ili mtu mwenye akili akae, aone diwani wa kata nyingine hana uwezo wa kugusa manunuzi ya mgodi, aandike mistari miwili, apitishe. Shida ni kwamba ofisi nyingi zimenunua mfumo wa kompyuta ambao "ndiyo" inawasha taa nyekundu na "hapana" inawasha kijani, na karani aliyekaa mbele yake hana mamlaka ya kufikiri. Anaogopa. Akikupitisha wewe mwenye taa nyekundu likatokea jambo, jina lake lipo. Akimpitisha yule wa "hapana", amedanganywa, yeye yuko salama.

Kwa hiyo mfumo uliowekwa kumkamata mwongo unamlipa mwongo. Nimelisema hili kwenye vikao hadi nikaonekana mkorofi. Majibu ya "hapana" ndiyo yanatakiwa kuchunguzwa kwa kushtukiza, machache kwa mwaka, na anayebainika kudanganya aondolewe orodhani, wazabuni wengine wajulishwe bila kutaja jina. Ni rahisi kuliko kumsumbua aliyesema kweli. Lakini taarifa ya mwaka kwa bodi inahesabu fomu zilizojazwa, haihesabu uongo uliokamatwa.

Kwako wewe: tunza nakala ya fomu yako na barua pepe zote. Siku ya ukaguzi wewe ndiye mwenye jalada safi, na wakaguzi wa nje wa migodi hupenda kuchomoa majalada ya walioandika hapana.

---

Mama_wa_Igoma

Marahaba mwanangu. Nakala ninazo. Maharage nilishauza sokoni kwa hasara.

---

Nyali_Breeze

Salamu kutoka Mombasa, majirani. Huku kwetu Sheria ya Hongo ya 2016 inasema kila kampuni ya binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake, na mtu mwenye mamlaka akishuku hongo imetolewa ana saa 24 kuripoti. Kwenye karatasi tumewashinda. Lakini orodha ya kijivu tuliingia Februari 2024, kwa hivyo msije kututolea mfano!

Yale maneno ya "kulingana na ukubwa wake" ndiyo muhimu. Mama wa maharage hafai kujaza fomu ya mwanakandarasi wa mabilioni. Sheria haijasema hivyo, ni uvivu wa ofisi za ununuzi.

Ila niulize, na msinikasirikie: ile amri yenu ya Julai 2025 ya kuwakataza wageni biashara kumi na tano, nayo ni maadili ya biashara ama ni wivu? Jamaa zangu wana saluni Arusha.

---

Bandarini_Kwetu

Nyali, wivu au si wivu niwaachie wanasiasa. Ninayoyaona mimi ni haya, na Karani nataka ulijibu hili badala ya historia.

Uwakala wa forodha uko kwenye ile orodha, pamoja na udalali wa nyumba, wakala wa fedha kwa simu, saluni zilizo nje ya hoteli, ununuzi wa mazao shambani na mengine. Mgeni akikutwa faini inaanzia milioni 10 au jela hadi miezi sita, na kibali kinafutwa. Mtanzania anayemsaidia anapata milioni 5 au miezi mitatu. Nzuri. Sasa toka itoke amri hiyo simu yangu haipoi. "Bandarini, tuna kampuni, tunataka jina lako. BRELA utasoma asilimia mia, sisi tuko nyuma, kila mwezi unapata chako." Wengine ni watu wa heshima kabisa, wananiletea na mkataba wa pembeni umeandikwa na wakili.

Nimekataa mpaka sasa. Lakini najua waliokubali, na wamenunua magari.

---

Karani_wa_Posta

Hapa ndipo wamiliki manufaa na amri ya Julai vinapokutana, na ndiyo maana nilifungua uzi.

Ule mkataba wa pembeni ndio ushahidi dhidi yako. BRELA haiulizi nani jina lake liko kwenye hisa, hilo walikuwa nalo siku zote. Inauliza nani anayefaidi na anayeamua. Ukijiandika wewe ilhali kuna karatasi inayosema faida ni ya mwingine, umetoa taarifa za uongo kwa msajili, umekuwa kivuli cha mgeni kinyume cha amri ya Julai, na benki ikiona mshahara wako mdogo na akaunti ya kampuni inapitisha mabilioni, ripoti inaenda Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu bila wewe kuambiwa. Haramu kwao kukuambia. Halafu siku mmegombana na hao wa nyuma, kesi ya kodi ya kampuni ni yako asilimia mia, kama ulivyoandika.

Wakili aliyeuandika mkataba ule hayumo kwenye hisa.

---

Wakili_Mpole

Nimeusoma mstari wa mwisho mara mbili, nimenyamaza. Ni kweli.

---

Mzee_wa_Kambi

Kambi imenoga. Karani, umetupa maneno mengi. Mtu mwenye duka la kati au kampuni ya watu kumi afanye nini Jumatatu? Asiyeweza kuajiri mtu kama wewe.

---

Karani_wa_Posta

Mzee, tupa fomu ndefu. Kwa kila mtu unayemlipa kukuletea kazi au kukupitishia kazi, awe dalali, wakala, "mshauri", andika karatasi moja kwa Kiswahili: unaitwa nani na nani anafaidi nyuma yako, utafanya kazi gani, na tutaionaje kwamba imefanyika, kwa nini bei yako ni hiyo. Asaini. Lipa benki kwa jina la aliyesaini, kamwe usilipe akaunti ya shemeji yake. Malipo yasiyo na jibu la swali la pili yasubiri, hata bosi akipiga kelele. EGMA isingepita karatasi hiyo.

---

Mama_wa_Igoma

Karatasi nzuri, hiyo nitaijaza bila kijana wa chuo. Ongeza na upande wa pili wasaini wao: mtanilipa lini? Maana hao wanaonifundisha maadili wananilipa baada ya siku tisini, na nikiuliza naambiwa ombi langu liko kwa mtu wa uzingatiaji.